Kaka anachomwa sindano kila mwezi, lakini mtu wa kukaa naye akazungumza tutampata wapi?

BintiMtambwe

Assalaam alaykum wana baraza. Mimi humu ni wa kusoma tu siandiki lakini leo limenifika shingoni.

Nina kaka yangu ana miaka 27. Maradhi yalimuanza akiwa na 22 anasoma Unguja, akawa anasema kuna watu wanamwita jina lake nyuma ya ukuta, baadae akagoma kula chakula cha dahalia eti kimetiwa kitu, wenzake wakatupigia simu tukamrejesha Pemba. Tukafanya wanayofanya watu wote, akasomewa, akanywa kombe, mzee mmoja akasema huyu ana rubamba, yaani pepo wa huku kwetu Pemba, akataka mbuzi tukatoa mbuzi. Kuna ami yangu akasema ni bangi tu apelekwe soba, zile nyumba za kuachisha ulevi, na kaka sigara yenyewe haijui. Mwisho alilazwa Unguja wiki tano akarudi na afueni alhamdulillah.

Sasa hivi anahudhuria kliniki huku huku. Tunatoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, saa moja tushafika, tunakaa mpaka saa tano ndio anaitwa. Anaulizwa unalala? unakula? Mimi naulizwa anapiga watu? Anachomwa sindano, kadi inaandikwa tarehe, basi. Mara ya mwisho niliangalia kwenye simu, dakika nne. Sisemi wale manesi wabaya, watu wamejaa mpaka nje na wao wawili tu.

Lakini sauti bado zipo. Zimepungua, yeye mwenyewe kaniambia "zamani walikuwa wanapiga kelele sasa wananong'ona". Hapigi mtu kwa hiyo kila mtu anasema kapoa. Kapoa wapi? Anakaa ukumbini kutwa anatikisa miguu, akichoka kukaa anazunguka nyumba, akichoka kuzunguka anakaa. Alikuwa mtu wa hesabu huyu, skuli nzima wakimjua.

Binamu yangu aliyeko London anasema kule mtu kama kaka anapewa mtaalamu wa kuzungumza naye kila wiki kuhusu hizo sauti, na watu wa nyumbani nao wanaitwa wanafundishwa. Je huku kwetu kipo kitu kama hicho au ni cha wenye pesa? Na ni kweli kuzungumza kunasaidia mtu anayesikia sauti, maana ami kanicheka akasema "utajadiliana vipi na mtu asiyekuwepo".

Jengine ni mama. Anampenda mwanawe lakini kutwa anamfokea, inuka, oga, wenzako wameoa, wenzako wana vespa wewe umekaa kama gunia. Kaka anaondoka anakwenda kujificha nyuma ya kisima mpaka magharibi. Na mama simuwezi kumwambia kitu, mimi mtoto wake wa mwisho.

---

KichwaNgumuKonde

Dada mambo ya wazungu waachie wazungu. Huyo hajapata msomaji wa kweli, waliopo sasa wengi ni wa biashara. Tafuta sheikh wa ruqya asiyetaka mbuzi wala kuku. Na hiyo sindano inamlegeza tu mwili ndio maana anatikisa miguu.

---

NesiMstaafu

Mwanangu BintiMtambwe pole sana, na ahsante kwa kuandika kwa ufasaha, wengi wanaandika "ndugu yangu kachanganyikiwa nisaidieni" halafu ndio basi.

Nianze na huyu wa Konde. Kwenye miguu kagusa kweli. Kutikisa miguu na kushindwa kutulia mara nyingi ni dawa, si sauti na wala si jini. Hizi sindano za zamani zinafanya hivyo, wengine shingo inakakamaa, wengine mate yanatoka. Linatengenezeka, ama dozi inapunguzwa ama anabadilishiwa dawa ama anaongezewa kidonge. Lakini hakuna atakayejua kama hamkusema, kwa sababu ndani ya dakika nne anaulizwa analala na anakula, haulizwi miguu. Andika kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, ukifika toa karatasi. Usiisimamishe sindano wewe, hilo nakuomba. Nimeona wengi sana, mtu anapata nafuu, nyumba inasema kapona, sindano inaachwa, miezi michache baadae watu wanne wamembeba kwenye gari ya mchanga.

Na kusomewa hakuna anayekataza. Asomewe na achomwe. Ila wasimfunge wala wasimnyime chakula.

Sasa swali lako lenyewe. Kuzungumza kunasaidia, ndio, lakini si kwa namna anayoifikiria ami yako. Hujadiliani na sauti, unazungumza na mtu anayezisikia. Zinakuja saa ngapi, ukiwa peke yako au na watu, zinasema nini, ukifanya nini zinapungua, na hilo neno wanalokwambia wewe unaliamini kiasi gani. Wapo ambao sauti haziondoki kabisa lakini zinaacha kumtawala, anajua "hii ndio ile yangu" anaendelea kula chakula chake.

Tatizo ni nani wa kuifanya kazi hiyo. Spitali ya akili Zanzibar nzima ni moja, Kidongo Chekundu, na iko Unguja, mtu wa Pemba apande boti. Kule upande wa Unguja shamba kliniki za akili zilifunguliwa Kivunge na Makunduchi watu wakapumzika na safari ya mjini. Lakini kliniki ni kitu kimoja na mtaalamu wa kukaa na mtu mmoja saa nzima kila wiki ni kitu chengine. Wanasaikolojia wetu wa kuhesabu kwa vidole na wengi wako mjini.

Kwa hiyo mimi ningekwambia uanze na mama.

Usicheke. Miaka ya hamsini kule London kuna mtu anaitwa George Brown alitaka kujua kwa nini wagonjwa wengine wakitoka spitali wanarudi haraka na wengine hawarudi. Akakuta inategemea nani anakwenda kukaa naye. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa hesabu: waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi na kuingiliwa kila kitu, 58 katika kila 100 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Kwenye nyumba tulivu, 16. Lakini tahadhari hapa, hakusema mama ndio kaleta maradhi. Maradhi yapo, ila kufokewa kunayachochea kama upepo kwenye kaa.

Na la kutupa moyo, Mmarekani mmoja, Juli McGruder, fani yake ni tiba ya kazi, yaani kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, alikaa na familia za wagonjwa hapa hapa Zanzibar miaka ya tisini akaandika juu yao utafiti wake wa PhD mwaka 1999. Alichokiona ni kwamba nyumba nyingi alizokaa nazo wala hazikuwa na lawama zile. Kwa sababu mtu akisema "ni mtihani wa Mungu" au "ni shetani kamkalia" basi kosa si la mgonjwa, anakula na wenzake, anatumwa dukani, akivurugikiwa anaachwa apumue, akitulia anarudi jamvini kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo hata wewe Konde una faida yako.

Mama yako anafoka kwa sababu anadhani ni uvivu. Ule ukimya, kukaa kutwa, kutooga, ni sehemu ya maradhi kama homa ilivyo sehemu ya malaria. Mama hajaambiwa na mtu. Wewe usimwambie, wewe mtoto. Aambiwe na nesi wa kliniki au dada yake mkubwa. Mtume dada yake.

---

MpembaEastHam

Niseme kidogo kuhusu London maana naona huyo binamu kaitia asali.

Kwenye karatasi anasema kweli. Kuna taasisi inaitwa NICE inatoa miongozo ya matibabu, ule wa 2014 unasema kila mtu mwenye saikosisi au skizofrenia, yaani maradhi ya kusikia sauti kama haya, apewe tiba ya mazungumzo, vikao visivyopungua 16, mtu mmoja na mtaalamu mmoja, na familia anayoishi nayo au ya karibu nayo wapewe vyao visivyopungua 10 ndani ya miezi mitatu mpaka mwaka. Na kuanzia 2016 wakaweka sharti kwamba zaidi ya nusu ya wanaougua mara ya kwanza waanze kutibiwa ndani ya wiki mbili, na hizo timu za wagonjwa wapya nazijua, ni wazuri, wanakuja mpaka nyumbani, wanamtafutia kijana kazi, si kazi ya kuigiza, kazi ya mshahara.

Sasa njoo kwa mke wangu, ana mdogo wake anaumwa mwaka wa tisa huu, si mgonjwa mpya. Tumeomba mazungumzo, tukaambiwa yupo kwenye orodha. Miezi kumi na moja. Alipoitwa akapewa mtaalamu kijana mzuri tu lakini hajui lolote, dogo akimwambia "jini langu" yule anaandika kwenye kompyuta, dogo akaona anachekwa akaacha kwenda. Vikao vitatu tu kati ya 16. Familia hatujaitwa mpaka leo. Tunachokipata kwa uhakika ni nini? Sindano. Kama nyie.

Simkatishi tamaa dada, namwambia tu asidhani kuna nchi imemaliza hili jambo. Na mtu wa kuzungumza naye awe anajua rubamba ni nini, hata kama haamini.

---

DogoMichenzani

Mbona Zimbabwe wameweza? Niliona video kuna mabibi wanakaa kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya mtu anakwenda anamwaga moyo wake. Sie mabibi tunao na mabaraza tunayo, kinachokosekana nini?

---

NesiMstaafu

Lile la Zimbabwe ni zuri dogo lakini ni la sonona na wasiwasi, la "kufikiri sana" kama wanavyoita wenyewe. Mtu mwenye saikosisi wale mabibi wanampeleka kwa wakubwa zao. Usichanganye.

Kama unataka mfano wa maradhi haya haya angalia Ethiopia, wilaya ya Sodo, walichukua watu wa kawaida wa vijijini wakawafundisha, wakawa wanamtembelea mgonjwa kwake, wanazungumza na familia, na majirani, mpaka na viongozi wa dini. Baada ya mwaka waliotembelewa wakawa wanaendesha maisha yao vizuri kuliko waliopata kliniki peke yake. Na karibu zaidi, Muhimbili na Mbeya walifanya majaribio wakayaita KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, jozi 66, mgonjwa na ndugu yake, wanakaa kundi moja na jozi nyengine, vikao 12. Kwa Kiswahili. Kwa hiyo masomo yenyewe yashaandikwa, hayahitaji kuvushwa bahari mbili, ni hapo ng'ambo tu.

---

MshonaKofia

Mie sisemi kwa kusoma, mie ndio mgonjwa mwenyewe. Mwaka wa kumi na mbili huu. Watu wa mtaani kwangu wanajua kwa hiyo sina cha kuficha ila humu sitaji jina.

Dada, kaka yako akikwambia "wananong'ona" huo ni utajiri, ina maana anakuamini. Mie nilikaa miaka miwili sijamwambia mtu zinachosema, kwa sababu kila nikianza kueleza kuna mwenye kunisomea na kuna mwenye kuniambia hakuna sauti. Wote wawili wananinyamazisha. Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi kofia, hajasoma saikolojia, alikuwa ananiuliza tu "leo wamekuja?" nikisema wamekuja anasema "haya kaa huku kwenye mwangaza". Hakusema wapo, hakusema hawapo.

Akanipa kofia nishone. Kofia ya mkono kama hujawahi kuishika, ile ina vitundu mamia, kila kitundu unakitoboa unakizungushia uzi mpaka kikaze, ukiruka kimoja ua zima linakwenda upande. Mwanzo mikono ilikuwa inatetemeka kwa dawa, sindano inanichoma kila dakika, kofia ya kwanza ilinichukua miezi minne na ilikuwa na madoa ya damu haikuuzika. Lakini nikagundua kitu. Nikiwa nahesabu vitundu zile sauti zinasogea nyuma, kama redio ya nyumba ya jirani. Zipo ila si zangu. Nikiacha zinarudi, basi nikawa siachi.

Leo natumia vidonge, sindano niliomba nibadilishiwe, na nashona. Nilipata vilevile ushauri Unguja kwa mwanasaikolojia, vikao vinne, akaja kuondoka mkataba ulikwisha. Vinne tu na mpaka leo navitumia. Alinifundisha kuandika: usiku wa pili nikikosa usingizi najijua, nikianza kufunika kioo najijua, nikijiona chakula cha dada yangu nakinusa kabla ya kula najijua. Nikijijua nakwenda kliniki mwenyewe kwa miguu yangu sisubiri gari ya mchanga (NesiMstaafu umenichekesha, mie nilibebwa kwa gari ya ng'ombe).

Kaka yako wa hesabu. Mtafutie kitu cha kuhesabu.

---

KichwaNgumuKonde

Sheikh hapo umenigusa. Sikujua mtu anaweza kueleza namna hii. Mie kaka yangu mkubwa alikuwa hivyo hivyo, tukamfungia chumba cha uani. Allah amrehemu.

---

BintiMtambwe

Narudi baada ya wiki sita hivi, nilisema nitaleta khabari.

La miguu: nilikwenda na karatasi. Nesi kasoma, akamwita daktari pale pale, wakapunguza dozi na wakampa kidonge. Wiki ya pili miguu imetulia, nyumba nzima tukaona ukimya wa ajabu, maana alikuwa anatikisa mpaka kabati la vyombo linalia.

La mama: nilimtuma mama mkubwa. Sijui kamwambia nini walikuwa jikoni wamefunga mlango, nikasikia mama analia. Siku ya pili kakaa kimya, ya tatu kakaa kimya, ya nne akaanza tena "wenzako" akajishika mdomo akamgeukia mbuzi akamfokea mbuzi. Sasa hivi mbuzi ndio mwenye tabu. Kaka kisimani haendi tena kila siku, anakwenda siku moja moja.

La mazungumzo: mwanasaikolojia sijampata. Nimeulizia, nimeambiwa subiri. Ila nilifanya kitu, sijui kama vibaya. Pale kliniki siku ya sindano tupo wote kuanzia saa moja hatuna kazi, tunaangaliana tu, kila mtu anaona haya. Nikamgeukia mama mmoja wa Kiuyu nikamuuliza "na wako anatikisa miguu?" Basi. Kumbe lilikuwa ndio neno lililokuwa linasubiriwa. Mara ya pili tulikuwa nyumba nne tumekaa kwenye ngazi, wagonjwa na sisi, mama wa Kiuyu kaja na boflo na chupa ya chai, nesi mmoja akatuona akaja akakaa robo saa akatueleza dawa inafanya nini. Kasema mwezi ujao tukija atatutafutia chumba tusikae kwenye jua. Huyo si mtaalamu wa London najua.

Na mavuno yameanza huku. Juzi usiku tulikuwa tunachambua karafuu, kaka akaja mwenyewe bila kuitwa akakaa pembeni ya jamvi. Anachambua taratibu, karafuu huku makonyo kule, halijamponyoka hata konyo moja, mpaka saa nne ya usiku. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, leo wamekuja? Akasema wamekuja, lakini wanachambua.

Sijajua nicheke au nilie, mama alicheka na kaka akacheka.

MshonaKofia, mavuno hayadumu, yakiisha atakaa tena. Kofia isiyoshonwa na sindano zake kwa Wete nitapata wapi?

---

MshonaKofia

Usinunue dukani watakuibia. Nitumie ujumbe humu ndani nitakukatia mimi na kuichora kabisa, nikija Wete nakuletea. Aanze na uzi mweupe, wa rangi ukikosea unafumua yote.